Ndoo ya Buluu ya Hubert

Hubert alikuwa akiosha gari bila kumwaga maji, na kijiji chetu cha Kalembe kilimsamehe jambo hilo kwa shida. Huku kwetu kitu kilichooshwa ni kitu kilichomwagiwa. Pikipiki huoshwa mtoni, mihogo huoshwa mtoni, watoto pia, na kila mtu anayaona maji yakipita na kwenda zake. Hubert yeye alikuwa na ndoo moja ya buluu, chupa ya dawa ya kuoshea magari ambayo shemeji yake Josiane alimtumia kutoka Goma, na rundo la vitambaa laini ambavyo mke wake hakuruhusiwa kufutia hata kikombe.

Jiko langu linatazama uwanja wao, kwa hiyo niliyaona yote, nitake nisitake. Kila Jumamosi asubuhi, kabla jua halijapasha bati, alitia kifuniko kimoja cha dawa ndani ya ndoo, akachovya kitambaa, akakikunja, akaanza juu kwenye paa. Alipitisha mkono taratibu kwa mstari ulionyooka, wala hakuzungusha. Upande wa kitambaa ukichafuka, aligeuza upande mwingine. Nyuma yake alipitisha kitambaa kikavu, na hapo pamekwisha, hapasuuzwi. Palipokuwa na tope alipanyunyizia kwanza kwa kichupa cha kupulizia, kama kile cha wasusi, kisha akaenda kukaa kwenye kiti chake na kulitazama.

"Papa Hubert, unangoja nini?" nilimuuliza siku moja.

"Tope haisuguliwe, mama. Tope inaombwa."

Mtu mzima, mwenye akili zake, anaomba tope. Nilirudi kwenye maharagi yangu.

Lakini haki yake nimpe, hakuwa mwendawazimu. Gari lenyewe lilikuwa jeep nyeupe ya zamani, aliyoachiwa na shirika moja alilokuwa dereva wake lilipofunga kazi. Nyaya zake nyingine zilikuwa zimefungwa kwa plasta ya hospitali. Mara ya kwanza alikubali vijana waliteremshe mtoni. Waliliosha kwa mchanga, wakalimwagia maji mpaka ndani ya mashine, na gari likanuna. Lilipokubali kuwaka tena, rangi yake ilikuwa na mistari kama shamba lililolimwa. Tangu siku hiyo Hubert aliapa kwamba gari lake halitauona mto. Wakimcheka, alisema maji yakimwagika hayazoleki, ndiyo maana yeye hamwagi.

Ila ninayetaka kusimulia habari zake hasa si Hubert, ni mke wake Colette.

Colette alitoka Muheto, kwa wakulima wa milimani, akaolewa na mtu wa msituni, upande wa Walikale. Mgeni ni kuku mweupe, na ukoo wa Hubert ulihakikisha hasahau kwamba ana manyoya. Alizaa kwao, akalima kwao, akazika kwao, na bado walimwita "ule wa Muheto". Hakugombana nao. Alijifunza kukausha nyama kwa moshi kama wao, alijifunza nyimbo zao, kisha akajifunza kitu ambacho hakuna mwanamke wa ukoo ule alikuwa amejifunza: kuendesha gari. Hubert alimfundishia kwenye uwanja wa mpira, na wenye mbuzi wote walikuja kuchukua mbuzi wao.

Baada ya hapo mambo yalijipanga yenyewe. Yeye aliendesha, mumewe aliosha. Colette alileta kabichi na viazi vya Muheto kwenye soko letu, na mama akishikwa na uchungu, ni kwake watu walikimbilia. Vita vikikaribia walilifunika gari kwa majani ya migomba na kukimbia kwa miguu kama sisi wengine. Vikipita walirudi, wakaondoa majani, na Hubert akatafuta ndoo yake kabla hata ya kuangalia kama nyumba ina mlango. Mimi nilimwonea Colette wivu, nasema wazi. Si kwa sababu ya gari. Ni kwa sababu ya jinsi yule mwanaume alivyokuwa akimwuliza jioni, "Gari imekusumbua leo?" kama vile gari ndilo lililokosa adabu.

Msimu wa mvua uliopita, Hubert alishikwa na tumbo. Colette alimweka kiti cha nyuma na kushika njia ya hospitali, mvua ikipiga. Kulala hakuweza, maumivu yalimzidi, basi aliketi ameegemeza kichwa kwenye kioo cha mlango. Colette aliniambia baadaye kwamba njia nzima hakusema neno la kufa wala la kupona. Alisema tu, "Polepole, mbele iko shimo," na kila mara shimo lilikuwepo. Walifika. Waganga walifanya kazi yao, lakini Hubert hakutoka hai. Colette alimrudisha nyumbani kwa gari lile lile, kwenye tope lile lile, akaliegesha uwanjani na kuficha ufunguo ndani ya kitenge chake.

Hapo ndipo desturi inapoingia. Watu wa Hubert ni Wakristo wazuri, rozari hawaikosi. Lakini kilio kikiwa hakijaisha, kitu cha marehemu hakiguswi na maji. Siku ya kumaliza, wakishamaliza rozari, nguo zake, kiti chake, panga lake, vyote vinashuka mtoni na kuoshwa, ili maji yachukue kifo na kwenda nacho. Kitu ambacho hakikuoshwa hakitumiki tena na mtu. Na anayekiosha ndiye anayebaki nacho. Hakuna anayeuliza kwa nini. Ndivyo ilivyo.

Mwenye kusimamia mambo hayo ni Bénédicte, dada mkubwa wa Hubert. Jumapili anaongoza kwaya ya akina mama, na siku za kilio anaongoza kilichobaki. Mwanamke mkali. Baba yao alipokufa, aliamuru mkeka mzima uchomwe kwa sababu kona moja haikulowa.

Siku ya kumaliza kilio cha Hubert, mdogo wake Akilimali alifika kutoka Omate, anakochimba mawe ya madini. Alikuja na vijana na kamba. Alilia vizuri, lazima nimsifu, kisha akajipangusa uso na kusimama mbele ya jeep.

"Tunaishusha mutoni," alisema. "Iyi njo kitu ya kaka yenye kupita zote. Nitaiosha mimi mwenyewe."

Uwanja mzima ulielewa. Akiliosha, ni lake. Litakwenda Omate kubeba mafuta na magunia, kwenye njia ambayo hata mwenye miguu miwili anaipita akijutia. Colette atabaki na jembe, na kabichi za Muheto atazileta kichwani.

"Shemeki," Colette alisema, "ikiingia mu maji itakufa."

"Basi itakufa safi."

Vijana walicheka, wakaanza kufungua kamba. Colette alimtazama Bénédicte. Bénédicte alikuwa anahesabu shanga za rozari yake na hakuinua macho. Nilikasirika, lakini mimi ni jirani tu, na kilio si cha jirani.

Colette aliingia ndani. Nilidhani amekwenda kulia. Alitoka na ile ndoo ya buluu, chupa, kichupa cha wasusi na vitambaa vyote vya marehemu, akaviweka chini mbele ya watu.

"Desturi inasema anayeosha njo anabakia nayo," alisema. "Inasema lazima akuwe mwanaume?"

Hapo shanga zilisimama. "Apana," Bénédicte alijibu baada ya kufikiri. "Haisemi."

Basi Colette akafunga kitenge vizuri na kuanza.

Gari lilikuwa bado na tope la ile safari. Lilikuwa limekauka mpaka madirishani, jekundu na zito. Alilinyunyizia, upande mmoja baada ya mwingine, kisha akaenda kukaa kwenye kiti cha Hubert na kulitazama. Watu walimngoja. Akilimali aliuliza kama sherehe imeisha. Mimi peke yangu ndiye niliyejua kinachoendelea, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona ni jambo la maana kuliomba tope. Lilipolegea, alisimama, akaanza juu kwenye paa. Mstari ulionyooka, hazungushi. Akageuza upande wa kitambaa. Akapangusa kwa kikavu. Nyeupe ilianza kutokea, kipande kwa kipande, na machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, akiyaacha yashuke kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Vioo alivipangusa nje na ndani. Alipofika chini ya milango alipiga magoti. Kila kitambaa kilichojaa alikikamulia ndani ya ndoo, hata tone halikuanguka chini.

Alipomaliza, gari liling'aa hadi kuku wakajiogopa mlangoni. Akilimali alilizunguka.

"Hapa hapajaoshwa kitu," alisema. "Maji iko wapi? Inchi iko yakavu. Wapi maji yenye ilipita? Tukiosha mutoni, maji inapita, inaenda na kifo. Hapa kifo ilienda wapi?"

Lazima niseme, swali lilikuwa zuri. Watu walinong'ona. Ardhi chini ya gari ilikuwa kavu kabisa, na kwa macho ya Kalembe gari hilo lilikuwa limepapaswa tu.

Bénédicte aliinuka. Alizunguka gari akipitisha kidole, kwenye kioo, chini ya taa, nyuma ya gurudumu la akiba, pale ambapo mtu mvivu huacha. Kidole kilirudi safi. Alifungua mlango wa mbele, akafunga. Alifungua mlango wa nyuma, upande ule alioketi kaka yake, akainama ndani. Alikaa hapo kitambo. Colette alikuwa ameshika kitambaa kwa mikono miwili, na sijamwona mtu akiogopa hivyo, hata siku za risasi.

Bénédicte aliufunga mlango taratibu.

"Uchafu iko wapi?" aliuliza.

"Iko humu," Colette alisema na kuonyesha ndoo. "Yote."

Bénédicte alichungulia. Maji yalikuwa mazito, mekundu kwa udongo, meusi chini.

"Akilimali, tulipoosha viatu ya papa mutoni, uchafu yake uliiona?"

"Nitaionaje? Ilienda."

"Miye pia sikuiona. Leo naiona." Akajifunga leso kichwani. "Gari imeoshwa. Sasa iyi maji njo inaenda mutoni."

Colette akatia vitambaa vichafu ndani ya ndoo na kujitwika. Anayebeba maji ya kifo hatakiwi kumwaga hata kidogo njiani wala kugeuka nyuma. Njia ya mtoni ni mteremko wa utelezi, na sisi wote tulimfuata nyuma tukitazama ile ndoo. Haikumwagika. Mwanamke aliyebeba viazi vya Muheto kichwani kabla ya gari hafundishwi na mtu kuitumia shingo yake.

Kwenye mto aliitua ndoo, na hapo akashindwa. Alisimama ameishika mdomo.

"Iyi njo barabara yetu ya mwisho," Colette alisema. "Iko yote humu ndani. Sitaki aende."

"Na miye sitaki," Bénédicte alisema. Ilikuwa mara ya kwanza nimsikie akisema asichotaka, maana siku zote husema anachotaka. Aliingia majini na viatu vyake vya misa, akashika kitako cha ndoo, nao wakaimwaga pamoja. Maji mekundu yalikaa kidogo kando ya jiwe, kisha mto ukayachukua. Wakasuuza vitambaa kimoja kimoja. Tulipokuwa tunapanda, nilimsikia Bénédicte akimwita "mwanetu". Akilimali alibeba kamba zake mwenyewe, na kabla ya kurudi Omate alikula sahani mbili. Hakuwa mtu mbaya.

Sasa Jumamosi ni Colette anayetoka na ndoo ya buluu. Watoto wanamcheka kama walivyomcheka mumewe, naye anawaambia tope inaombwa.

Majuzi nilipanda kwenda naye Muheto kununua viazi vya mbegu. Mbele palikuwa na mama mjamzito, basi nikaingia nyuma. Gari lilikuwa safi hadi nikaona aibu ya ndala zangu. Ila kwenye kioo cha mlango, kwa ndani, palikuwa na alama ya mafuta ya ngozi, ya mviringo, mahali ambapo mtu ameegemeza paji la uso muda mrefu. Kando yake kioo kilikuwa kimepanguswa kwa mstari ulionyooka, na mstari ulifika pale ukapinda, ukaizunguka, ukaendelea.

Nilikuwa tayari nimeanza kuegemea.

"Dada, hapana pale," Colette alisema, akinitazama kwenye kioo kidogo. "Mama Bénédicte mwenyewe anakalaka upande ingine."

Nikasogea upande mwingine.