Mama Faili na Wakuu Wake Watatu

Kampuni ilikuwa kubwa na kongwe, waanzilishi wake wamebaki picha tu ukutani, na mtunza masjala wake aliitwa Mama Faili. Chumba chake kilikuwa chini kabisa, ubavuni mwa lifti, hakina dirisha, rafu zimepanda hadi darini. Kila barua iliyoandikwa katika ghorofa zote tisa, nakala yake lazima ishuke kwake, aigonge muhuri na kuiweka kwenye faili. Kwa miaka kumi na minne alikuwa anayajua mambo ya jengo kuliko wenye jengo. Hakuwa msemaji. Lakini kuuliza aliuliza, na jibu asipolipata halali usingizi.

Mwezi huo mama yake, aliyekuwa akiishi peke yake mji mwingine, alianguka bafuni akavunjika nyonga. Dada yake Mama Faili alikwenda kumuuguza, ila likizo yake ilikuwa inaisha mwisho wa mwezi. Kampuni ilikuwa na tawi mji huohuo, na tawi lilikuwa na nafasi. Kilichobaki ni fomu ya uhamisho, na kwenye fomu mstari mmoja: saini ya mkuu wako wa kazi.

"Hivi mkuu wangu ni nani?" alimuuliza afisa utumishi.

Afisa akafungua kompyuta, akaikodolea macho. "Mama Faili, mbona uko mara tatu?"

"Mara tatu vipi?"

"Idara ya Utawala wamekuandika. Mipango wamekuandika. Huduma nao wamekuandika."

"Na mshahara?"

"Mmoja."

"Hapo hawakukosea," alisema Mama Faili, akachukua fomu yake.

Alianza na mkuu wa Utawala, ambaye jengo zima lilimwita Bwana Tuliangalie, kwa sababu hakuna jambo aliloletewa akalijibu vinginevyo. Akaipindua fomu, akaipindua tena. "Hili si la kukimbilia, mama. Tuliangalie." Mkuu wa Mipango, Mama Kimsingi, alimkalisha kitini na kumwita mdogo wangu. "Kimsingi nakuelewa, mdogo wangu. Lakini wewe ni nguzo ya idara hii." Nguzo hiyo, katika miaka kumi na minne, ilikuwa haijawahi kualikwa hata kikao kimoja. Wa tatu, mkuu wa Huduma, Mzee Kalamu, mwenye kalamu nne mfukoni na asiyeandika kitu, alisema angetia saini leo hii kama wenzake wangetangulia.

Wiki ikapita. Dada akapiga simu: "Mwenzangu, nimebakiwa na siku kumi na moja. Mama hata kugeuka hawezi."

Mama Faili akarudi chini, akajifungia. Watu watatu wasiomjua hata jina lake kamili, wanamng'ang'ania wa nini? Akapekua faili la nyaraka za mkurugenzi, waraka mmoja baada ya mwingine, mpaka akaukuta uliosema: idara yenye watumishi pungufu ya kumi na wawili itaunganishwa na nyingine, na mkuu wake atashushwa cheo na kurudisha gari. Akavuta orodha za idara tatu. Akahesabu kwa kidole. Kumi na wawili. Kumi na wawili. Kumi na wawili. Na wa kumi na mbili, kote, ni yeye.

"Kumbe mimi ndiye gari," alijisemea, akacheka peke yake mle ndani.

Kucheka hakukumpa saini. Zikabaki siku tano, na asubuhi moja lifti ikakwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, mkurugenzi yumo ndani. Dakika arobaini. Alipotolewa, shati limemganda mgongoni, fundi akamwambia kuwa yeye aliwaandikia wale wakuu watatu barua miezi minane iliyopita kwamba waya zimechoka.

Mkurugenzi akawaita wakuu wote. Barua iko wapi? Wale watatu wakajibu kwa sauti moja, mara ya kwanza kukubaliana tangu waajiriwe: masjala haikutuletea.

"Vizuri," alisema mkurugenzi. "Masjala iko chini ya nani? Kabla ya saa kumi nataka jibu la kila mmoja, kwa maandishi."

Saa tisa na nusu zikaanza kushuka nakala. Bwana Tuliangalie: masjala haiko chini ya Utawala. Mama Kimsingi: kimsingi, haijawahi kuwa chini ya Mipango. Mzee Kalamu, ambaye kumbe wino alikuwa nao: mtumishi huyo simfahamu. Mama Faili akazigonga muhuri zote tatu, akatoa nakala zake, akapanda ngazi kwenda utumishi.

Afisa alisoma, akasoma tena. "Kwa hiyo huna mkuu."

"Sina hata mmoja."

"Mtumishi asiye na idara yuko chini yangu mpaka nimpangie kituo." Akavuta fomu, akatia saini. Kisha akainua uso. "Na ile barua ya fundi? Uliwapelekea kweli?"

"Niliwapelekea, wakairudisha faili. Nimeipandisha kwa mkurugenzi sasa hivi. Ina 'Nimeona' tatu, na saini tatu, na tarehe."

Afisa akafunga mdomo kwa kiganja.

Mama Faili akaikunja fomu akaitia kwenye pochi. Keshokutwa angekuwa kando ya kitanda cha mama yake. Ila mkurugenzi angewataka wale watatu wajieleze, na majibu yao yangeshuka masjala kwa nakala kama kawaida, na yeye asingekuwepo kuyasoma. Hilo lilimwasha.

"Utanipigia simu?" aliuliza mlangoni.

"Mama, mambo ya ofisi ni siri."

"Najua. Utanipigia saa ngapi?"