Jogoo wa Posa Karantini

Mzee Rupert alirudi Mshangano, Songea, mwaka tisini na mbili, walipopunguzwa watu wengi kazini, akiwa na godoro, redio, kofia nyeupe na karatasi moja ya makatazo iliyopigwa chapa. Kwa miaka kumi na tisa wakala mmoja wa meli alikuwa amemweka chini ya ngazi za meli za watalii bandarini Dar es Salaam, kazi yake ikiwa kuhakikisha abiria hawashuki nchi kavu na vitu wasivyoruhusiwa. Matunda hapana. Nyama hapana. Mbegu, maua, udongo kwenye soli, ndege na wanyama hai, hapana. Nguo za kuogelea zibaki chumbani. Na kombati haishuki kabisa, hata iwe ya mtoto, kwa kuwa hapa nchini raia havai nguo ya jeshi. Aliwahi kumvua bwana mmoja mnene suruali ya mabaka mbele ya mkewe, kwa adabu zote, akamfunga taulo. Hilo alilisimulia kila mwezi na halikumpungukia utamu.

Kazi iliisha, ila yeye hakuisha kazi. Kabla hajaezeka jiko alijenga geti. Akaitundika karatasi yake kwenye nguzo, ndani ya mfuko wa nailoni, na chini yake akaweka beseni la maji ya dawa ya kukanyagia. Kutoka Songea hadi baharini ni siku nzima ya basi na zaidi, na nyumba ya Rupert ilikuwa sawasawa na barabara, haina hata ngazi moja. Hata hivyo kila mgeni aliambiwa, "Karibu sana. Kabla hujashuka, naomba kuona mfuko."

Tuseme ukweli, watu walimvumilia kuliko alivyostahili. Zamu ya jumuiya kusali kwake ilipofika, maua ya Bikira Maria yalibaki nje, na mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliulizwa kama mtoto ameshika muwa. Alikuwa ameushika. Mtoto akanyang'anywa muwa, akalia rozari nzima.

Mke wa Rupert alikuwa amekwisha kufariki. Ndani ya geti lile waliishi wawili tu, yeye na Lidwina, binti yake wa pekee, fundi cherehani mwenye miaka thelathini na mmoja. Miaka yote ya bandarini Rupert alimwona likizoni, na kila likizo alimkuta amerefuka bila kumwomba ruhusa. Sasa alikuwa naye kila siku, anakula ugali wake, anamsikia akikanyaga cherehani, na hilo lilimfurahisha kiasi cha kumtia hofu.

Lidwina alikuwa na mchumba, Osmund, mkulima wa tumbaku wa Namtumbo, mtu mpole aliyekwisha kusubiri miaka miwili. Ukoo wake ulichoka kusubiri. Julai ile ukatuma washenga na neno moja: wakirudi bila jibu, kijana ataoa kwingine. Lidwina alilijua neno hilo. Rupert naye alilijua, maana binti alimwambia mara mbili, mara ya pili akiwa amezima redio.

Washenga walifika asubuhi, baridi ikiwa bado kali. Walikuwa Saimon, baba mdogo wa Osmund, na Walburga, dada wa Saimon. Walibeba jogoo mweupe, mkungu wa ndizi na jembe la posa. Jembe lilikuwa jipya dukani, lakini lori lao lilinasa mchangani njiani na Saimon alilitumia jembe kulichimbua, kwa hiyo lilifika na udongo wa Namtumbo hadi kwenye mpini. Na kwa ajili ya baridi, na kwa ajili ya heshima, Saimon alikuwa amevaa koti zuri kuliko yote aliyopata mnadani kwa wauza mitumba. Lilikuwa kombati ya mabaka, ya jeshi la nchi asiyoijua.

Rupert alivaa kofia yake nyeupe.

"Shikamoo, mzee," alisema Saimon, ingawa walikuwa karibu rika moja. Ndivyo mwombaji anavyojishusha.

"Marahaba. Karibuni sana Mshangano. Kabla hamjashuka, koti."

Koti likavuliwa. Walburga alimpa kaka yake kitenge, Saimon akajifunga mabegani, akawa mshenga wa kwanza kuposa amevaa maua ya waridi. Ndizi zikawekwa kando. Jembe likaoshwa kwenye beseni mara tatu, udongo ukamwagwa upande wa pili wa barabara. Lidwina aliyatazama yote kupitia dirisha la jiko, akihesabu vilivyobaki. Alibaki jogoo.

"Ndege hai," alisema Rupert, kidole kikiwa kwenye karatasi. "Karantini siku saba."

"Mzee, huyu ni jogoo wa posa."

"Karatasi haisemi wa nini."

Saimon alimweleza bila kupandisha sauti kwamba kwao posa haiachwi njiani. Jogoo akikaa nje, washenga nao wanakaa nje. Wakirudi naye, ndiyo wamekataliwa.

"Basi kaeni," alisema Rupert, na alifurahi kweli, kwa sababu siku saba si kukataa. Siku saba ni siku saba.

Wakakaa. Jirani wa ng'ambo ya barabara aliwapa kibaraza na kuni. Jogoo alifunikwa tenga kando ya barabara, na Rupert akaandika tarehe kwa chaki kwenye jiwe. Watu wa mtaa wa Ruhuwiko waliokuwa wakienda sokoni walisimama kumtazama mfungwa. Mmoja aliuliza kosa lake, Walburga akajibu kwamba amekuja kuoa.

Siku ya pili Lidwina alitoka na kopo la maji. Aliinua tenga, akamnywesha jogoo, akamrekebishia kamba mguuni. Alipogeuka kurudi, baba yake alikuwa getini.

"Umegusa ndege," alisema Rupert.

"Nimemgusa."

"Basi siku zako zinaanza leo."

Neno lilimtoka kabla hajalisikia. Miaka kumi na tisa ilisema badala yake. Lidwina alimtazama kidogo, wala hakukasirika.

"Sawa, baba," alisema. Akavuka barabara, akaketi karibu na Walburga, akaanza kumenya viazi.

Rupert alifunga geti. Ndani ya uwanja hapakuwa na mtu wa kumkagua. Alipika ugali, ukatoka na madonge. Jioni Lidwina alimletea maharage hadi getini, ila chakula kilichopikwa nje hakiingii, na aliyelisoma katazo hilo kwa sauti ni Rupert mwenyewe. Yakaliwa na Saimon. Kutoka kibarazani kwa jirani Rupert alisikia kicheko cha binti yake, kicheko cha mtu aliyetulia, na hakuweza kukumbuka ni lini alicheka hivyo ndani ya geti.

Siku ya tatu hakula. Alikaa karibu na cherehani, akagusa gurudumu lake, likazunguka kidogo likasimama. Akaona wazi kabisa kwamba hivi ndivyo nyumba itakavyokuwa. Akaona pia kwamba amejiwahishia mwenyewe upweke huo kwa siku saba nzima.

Akatoka. Hakuvaa kofia. Alivuka barabara, akaketi kwenye mkeka, akamtoa jogoo chini ya tenga na kumpakata. Kwa ukoo wa Osmund, baba akimpokea jogoo amekubali, hakuna kingine cha kusema. Walburga akapiga vigelegele, jogoo akamkojolea Rupert suruali, au kile wafanyacho kuku.

"Nilikuwa naogopa utaondoka," Rupert alimwambia binti yake.

"Naondoka, baba."

"Najua."

Alimpapasa jogoo mgongoni. Kisha akamgeukia Saimon, akamuuliza kwa sauti ndogo ya abiria aliyesimama juu ya ngazi, "Huko kwenu Namtumbo, mgeni haruhusiwi kuja na nini?"

Saimon akamtazama dada yake, maana hakuwahi kuulizwa swali hilo.

"Hakuna, baba," alisema Lidwina. "Njoo tu."

"Na nguo?"

"Yoyote."

Rupert hakuamini kwamba kuna mahali pa namna hiyo, na akamwomba Walburga naye aseme.