Siku Niliyofukiza Vitabu vya Ami

Bora mniskie mie mwenyewe, kwani mkisikia kwa watu wataitia chumvi (ingawa hii haihitaji chumvi, wallahi): mie Zuwena, mtu mzima na wajukuu wangu, ndiye niliyewatoa wageni wa heshima nje kwenye jua la Bawshar, mchana kweupe, kwa ajili ya udi.

Ami Seif, ndugu yake baba, alisoma Ulaya zamani, na wenzake waliporudi na magari yeye akarudi na masanduku ya vitabu. Tena si vitabu vyovyote, vyote kazi ya mtu mmoja, muuza vitabu wa Dublin, kule Ayalandi, wa karne ya kumi na nane, aliyekuwa akivichapisha na kuviuza mwenyewe dukani kwake: mahubiri, michezo ya kuigiza, mapishi, safari za majini, hata hadithi za mapenzi (hizo Ami huzipita haraka haraka). Kikitoka kitabu Londoni, bwana yule anakichapisha upya, kidogo zaidi na bei rahisi zaidi, bila ya kumuomba mtu ruhusa, kwa sababu sheria ya vitabu ya Waingereza ilikuwa haijavuka maji kufika kwao. Ami akimsimulia utadhani shemeji yake.

Sasa Ami kazeeka, na wanawe wamemwambia wazi hawana pa kuviweka. Roho ilikuwa ikimuuma kwamba akishaondoka yeye, vitabu vitaishia jalalani. Tumaini lake lilikuwa maktaba moja ndogo huko Bawshar, ambayo mkuu wake, Bi Shamsa, alikubali vioneshwe mbele ya wageni kisha ndiyo aamue kama atavichukua au hapana. Mie kazi yangu ilikuwa kuvileta kutoka Al Amerat nyumbani kwa Ami na kuvipanga mezani, basi.

Nilipofika maktaba nikafungua sanduku. Lo! Harufu ya stoo, ya ukuta uliolowa, pua imekataa. Na nyie mnatujua sisi, kwetu hakitoki kitu mbele ya mgeni bila ya udi, nguo tunafukiza, nywele tunafukiza, mpaka mashuka, nikajiambia Zuwena, utamkabidhi Bi Shamsa vitabu vinavyonuka? Nikachukua chetezo cha marehemu mama (kiko garini kwangu siku zote, msiniulize), nikaingia kwenye chumba chao cha kupikia chai, nikawasha kaa, nikatia udi, nikafunika na kitenga cha kufukizia nguo, na vitabu nikavipanga juu yake.

Mercy, msichana wa Kikenya wa mapokezi, akachungulia. "Madam, hiyo moshi italeta shida. Huko juu kuna kitu ya kulia."

"Moshi gani, mwanangu? Huu udi."

Ukumbini Ami alikuwa ameshasimama, kanzu imenyooka, anawaeleza habari za bwana wake asiyeomba ruhusa, watu wanacheka, na Bi Shamsa, ambaye hacheki ovyo, anacheka naye. Kumbe mambo yalikuwa yakienda vizuri bila ya mimi. Ndipo king'ora kikalia.

Jamani! Nikachanganyikiwa. Mkono wangu, sijui nani kautuma, ukainua kitenga, ukakamata chetezo, nikatoka mbio. Nikafika nje wa mwisho, wageni wote wamesimama baina ya magari wanatokwa jasho, na mimi nawajia na moshi wangu kama bibi harusi. Gari la zimamoto likaingia, askari akaruka chini, "Moto uko wapi?"

Mercy, bila ya haya, akaninyooshea kidole. "Ni huo."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini hayo yote si kitu. Ami akanijia taratibu, hakupiga kelele, akauliza, "Zuwena, vitabu viko wapi?"

Nikatazama mikono yangu.

"Umeokoa chetezo?"

Akakaa kwenye ukingo wa njia pale pale na kanzu yake nyeupe, akasema, "Basi. Vimekwisha." Nikalia, sikuficha. Mzee wa watu amevitunza umri wake wote, nami nimemmalizia kwa kipande cha kaa.

Mara askari akatoka amekibeba kitenga mikononi, vitabu juu yake, vikavu, vizima. "Hamna moto ndani," akasema. "Harufu nzuri tu." Moto wenyewe si nilikuwa nao mimi! Ujinga wangu ndio uliovinusuru. Ami akavishika kimoja kimoja, akavifungua, "Alhamdulillahi, alhamdulillahi," nami nikaegemea gari la mtu.

Bi Shamsa akachukua kile cha mapishi, akakinusa, akapiga chafya. "Mzee Seif, vitabu nnavichukua. Vyote." Kisha akanitazama mie na chetezo changu. "Huyu hapana."

Watu wakaangua kicheko, na Ami akacheka kuliko wote, mpaka akafuta machozi. Njiani akaniambia, "Bwana wangu wa Dublin angekupenda. Nawe ruhusa huijui."

Tangu siku ile chetezo hakitoki nyumbani kwangu Ansab, na mali ya mtu siifukizi mpaka mwenyewe aniombe. Kila nikimpeleka Ami kuvitazama vitabu vyake, Mercy hunisimamisha mlangoni. "Madam, mkoba." Naufungua bila ya ubishi, kwani najijua.