Mtoe Kipa

Mume wangu ni fundi bomba, na sauti yake ni ya fundi bomba. Mtu akishazoea kuwa chini bafuni huku akimwamuru mwenzake aliye juu ya paa afungue au afunge, koo lake haliwezi tena kunong'ona. Hata akiniomba chumvi mezani, jirani anageuka. Mtaani wanamwita Spana. Kazi yake anaijua, wateja wanamsifu, ila walijua pia kwamba ukimwita aje kuzibua sinki, utasikia habari za timu ya mpira wa magongo mpaka maji yaanze kupita. Alieleza akiwa amelala chali chini ya sinki. Miguu tu ndiyo ilionekana, nayo ilitikisika kwa hasira.

Timu yenyewe ilikuwa ya wanawake, ya kiwanda cha mabati kilicho nyuma ya mtaa wetu. Aliipenda kabla hajanipenda mimi, na sijawahi kumficha kwamba nalijua hilo. Alipokuwa kijana aliitwa atengeneze bafu za chumba cha kubadilishia nguo, akamaliza kazi, akatoka nje, akakuta wanawake wanachapa mpira kwa magongo kwenye uwanja wenye nyasi nusu na vumbi nusu. Hakutoka pale tena. Tukajaliwa binti mmoja, na binti huyo alipokua akawa kipa wa timu hiyohiyo. Siku anapewa jezi, baba yake alifunga kazi akashinda mtaani akisalimia watu ambao hawakuwa wamemsalimia.

Msimu huu ndio uliotutia adabu. Mafowadi wetu wawili waliokuwa na akili walichukuliwa na klabu yenye uwezo, tukabaki na karani mmoja wa kiwandani ambaye mbio zake zote ni za kuwahi chakula cha mchana. Nahodha wetu, beki wa kati, goti lake lilishakufa zamani, lakini kocha alimheshimu mno kumkalisha benchi. Kocha huyo tunamwita Mwalimu, maana alifundisha michezo shuleni kabla ya kiwanda kumchukua. Ni mtu mpole, mrefu, na alikuwa na dawa moja kwa kila ugonjwa: wote rudini nyuma. Tukifungwa, rudini nyuma. Tukiongoza, jambo lililotokea mara moja, rudini nyuma upesi zaidi. Katika magongo unaruhusiwa kubadilisha mchezaji wakati wowote, mmoja anatoka mwingine anaingia, na refa wala hasimamishi mchezo. Mwalimu alibadilisha wachezaji kama mtu anayeombwa figo.

Mume wangu alikuwa na dawa yake. Mkiwa nyuma na muda unayoyoma, alisema, kipa hana faida. Mtoe, ingiza mchezaji wa mbele, mshambulie kwa idadi. Sheria inaruhusu na timu kubwa zinafanya hivyo. Basi kila mechi ikifika mwishoni alisimama jukwaani na ile sauti yake: "Mtoe kipa!" Mwanzoni watu walicheka, wakamuuliza kama huyo mtoto anakula sana nyumbani hata anataka afukuzwe na kazini. Lakini tulivyozidi kufungwa, kicheko kiliisha. Jukwaa zima likaanza kuimba naye.

Binti yetu alivumilia, kisha jioni moja wakati wa kula akasema kwa utaratibu kwamba baba akipiga kelele atolewe, watu wanasikia kwamba yeye ndiye tatizo. Baba yake akasema hapana, hilo ni suala la mbinu, akapanga vijiko mezani kuwa mabeki na glasi kuwa kipa, akaanza kumwonyesha. Binti alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akaichukua ile glasi, akaenda kuiosha, hakurudi mezani. Nilimwambia mume wangu aache. Akaniambia mimi sielewi magongo. Nikamjibu kwamba magongo siyaelewi, lakini mtoto nimemzaa mimi.

Ndipo kiwanda kikatangaza kwamba timu ikishuka daraja itavunjwa, na uwanja utakuwa wa kuhifadhia mabati. Ilikuwa imebaki mechi ya mwisho, na hesabu ilikuwa rahisi: sare inatuokoa, tukifungwa tumekwisha. Mume wangu alipoteza hamu ya kula. Nyumbani kwa mteja mmoja aliunganisha bomba la moto kwenye la baridi, kosa ambalo hajawahi kulifanya tangu nimjue, na mteja alikuja mpaka mlangoni kwetu na mkono uliobabuka. Usiku alikaa kitandani ananiuliza mimi, nisiyeelewa magongo, tutafanyaje.

Mwishowe akaenda nyumbani kwa Mwalimu kumsihi abadilishe kikosi. Alirudi amenywea. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamsikiliza, akamwambia kwamba kikosi chake ni hao anaowaona kila wiki, na kama fundi anawajua wengine waliojificha mahali, awalete kesho asubuhi mazoezini. Mume wangu akaniambia kwamba mtu huyo ameshakata tamaa. Siku ya mechi nilitazama benchi letu. Walikaa wasichana watatu, na mmoja alikuwa amefungwa bandeji kutoka kiganjani hadi kwenye kiwiko. Kwa mara ya kwanza nilimwonea Mwalimu huruma.

Tulifungwa mapema, mpira ukagonga gongo la nahodha ukabadili njia. Baada ya hapo ilikuwa ni binti yangu peke yake. Aliokoa kwa mguu, akaokoa kwa kifua, akalala mbele ya fowadi mmoja mnene akanyanyuka na mpira umetoka nje. Nilikuwa nimeshika pindo la kitenge changu kwa meno. Mume wangu hakuona hata moja ya hizo. Alikuwa anatazama saa.

Akasimama. "Mtoe kipa!"

Nilimvuta shati. Akaniondoa mkono taratibu, bila ukali, kama asiyejua ni mkono wa nani, akarudia. Safu ya nyuma yetu ikaitika, kisha jukwaa lote, wake kwa waume, mpaka mbao tulizokalia zikawa zinatetemeka. Mwalimu aligeuka akatutazama. Kisha akainua mkono akamwita binti yangu.

Alitoka anakimbia, msichana wa benchi akaingia. Binti yangu aliambiwa kazi yake imekwisha, kwa hiyo alivua helmeti, akavua glavu, akafungua kinga za miguu. Hakuangalia upande wetu.

Na tukasawazisha. Yule karani, sijui alipata wapi ujasiri, aliusukuma mpira katikati ya miguu ya watu ukaingia. Mume wangu alilia. Alikumbatia watu asiowajua, akanikumbatia na mimi, akaniambia sikioni kwamba umeona, umeona. Nilikuwa nimeona. Sare ilitutosha. Kilichobaki ni kumrudisha kipa golini, na kipa wetu alikuwa ameketi kwenye majani, vifaa vyake vimetapakaa.

Alianza kuvivaa. Vitu vile havivaliwi kama ndala, vina mikanda na vifungo kila mahali. Mume wangu aliruka uzio akakimbia, akapiga magoti mbele ya binti yake kumfunga mikanda. Hii ni mikono inayofunga nati gizani, nyuma ya ukuta, kwa kupapasa tu. Siku hiyo mkanda mmoja tu uliishinda. Binti alimwambia, "Baba, niachie." Hakuachia. Akafunga mguu mmoja, akahamia mwingine, na filimbi ikalia.

Mpira ulikuwa umegonga mguu wa nahodha ndani ya nusu duara lililo mbele ya goli letu, na refa akatupa adhabu ya kona fupi. Kona fupi ikishatolewa, hakuna kuingia wala kutoka mpaka ichezwe. Msimamizi wa mezani alinyoosha mkono mbele ya binti yangu, na wala hakuwa na haja ya kumwambia neno. Mtoto akasimama kwenye mstari, helmeti mkononi, mguu mmoja umefungwa. Nahodha na goti lake akaenda kusimama golini. Mpira ulisukumwa, ukasimamishwa, ukachapwa, nikausikia ukigonga ubao wa nyuma wa goli kabla sijauona.

Filimbi ya mwisho ilipolia, watu waliteremka kutoka jukwaani wakamzunguka Mwalimu. Ni nani aliyemwambia amtoe kipa, walimuuliza. Mjinga gani anatoa kipa anayecheza vile? Walikuwa walewale, naapa, wengine sauti zao zilikuwa zimekauka kwa kuimba. Mmoja akamgeukia mume wangu akamwambia, Spana, umeyaona hayo? Nilisubiri aseme. Nilimwangalia mdomoni. Mwalimu naye alimwangalia, si kwa kumshtaki, alimwangalia tu. Mume wangu akainama akaanza kuokota glavu za mtoto. Mwalimu akaendelea kukusanya koni zake za mazoezi, akatukanwa mpaka getini.

Timu ilivunjwa. Mabati yameshaanza kupangwa pale, yanang'aa hata hayatazamiki jua likiwaka. Mume wangu siku hizi anazibua sinki kimya, na wateja wananiuliza kama anaumwa.

Juzi klabu ya mji mwingine ilimwita binti yetu akajaribiwe, na wakampokea. Jana asubuhi alikuwa chumbani anapanga nguo kwenye begi, mlango wazi. Baba yake alisimama mlangoni na kikombe cha chai ambacho hakukinywa. Akamwambia ameshauliza habari za basi, kwamba Jumamosi anaweza kuondoka alfajiri akafika kabla ya mechi, akarudi jioni bila kumsumbua mtu.

"Baba, usije," alisema.

"Sitapiga kelele, mwanangu. Nitakaa huko nyuma kabisa. Hutanisikia."

Alikunja blauzi, akaikunjua, akaikunja tena. Nilitamani nimsemee mmoja wao, sikujua yupi.

"Najua utanyamaza," akasema. "Lakini mimi nitakuwa nasikia."