Gari Lililokamuliwa na Nyumba Nne

Ni asubuhi ya Alhamisi katika uwanja wa fundi Kobia mjini Isiolo. Jaldesa Dabaso amelala chali chini ya Land Rover ya mtu mwingine. Kinachoonekana ni miguu yake tu, ndani ya viatu vya akala, vilivyokatwa kwa tairi kuukuu. Oili chafu inamdondokea shingoni. Anaifuta kwa kiganja na kuendelea kufungua nati.

Pembeni mwa uwanja limesimama gari lake mwenyewe, Golf dogo jekundu lenye mlango mkubwa nyuma. Wiki ya tatu sasa halijatoka hapo. Boneti lake liko wazi, na juu ya injini kumetandikwa blanketi ya rangi ya kijivu ili vumbi lisiingie. Blanketi hiyo Kobia aliitoa nyumbani kwake Burat bila kuombwa na mtu.

"Mama watoto ameniuliza blanketi iko wapi," Kobia anasema, akicheka. "Nikamwambia iko na mgonjwa. Sasa anataka kujua huyo mgonjwa ni wa kiume ama wa kike."

Kutoka chini ya Land Rover, Jaldesa anacheka kidogo. Ni mtu wa miaka arobaini, mwembamba, mwenye sauti ya chini. Kobia humpa chakula cha mchana na pesa kidogo kwa kazi ya kumsaidia. Kwa sasa hana kazi nyingine.

Jumamosi atakuja mnunuzi kutoka Nanyuki, bwana Gikunda, anayenunua magari mabovu na kuyauza vipande vipande. Ikiwa pesa za pistoni mpya hazitapatikana kabla ya siku hiyo, Golf litaondoka naye.

"Sina ng'ombe, sina mbuzi," Jaldesa anasema akitoka chini, macho yake yakikwepa mwanga. "Hii gari ndiyo boma yangu yote. Ikienda, nimebaki hivi unaniona."

Mwaka 1983 Jaldesa alikuwa dereva wa kampuni moja iliyojenga barabara. Kazi ilipokwisha, mhandisi mmoja mgeni aliyekuwa akirudi kwao alikubali kumwuzia gari lake. Lilikuwa gari la mbio, injini yenye nguvu katika mwili mdogo. Madereva wa mji walilibandika jina la Kiroboto, kwa jinsi lilivyoruka kutoka mahali pamoja hadi pengine.

Ili kulilipia, Jaldesa aliuza ng'ombe wake wote kumi na mmoja. Mkewe, Qabale, alilia. Baba mkwe alikataa kunywa chai katika nyumba yake.

"Baba aliniuliza, huyo mumeo atakamua nini?" Qabale anakumbuka. "Nilikosa jibu."

Jibu lilikuja mwaka uliofuata. Mvua haikunyesha. Kuanzia Kinna hadi Kulamawe, watu waliona mifugo yao ikianguka mmoja mmoja, kisha kwa makundi. Ng'ombe wale kumi na mmoja wangekufa pia. Jaldesa, ambaye watu walimcheka, ndiye peke yake katika ukoo wake wa karibu aliyebaki na kitu.

Kila asubuhi alipanda na Kiroboto hadi milima ya Nyambene, akanunua miraa, akateremka nayo Isiolo. Alikuwa ameondoa kiti cha nyuma ili mzigo uenee. Miraa inayofika kwanza mjini huuzwa bei nzuri, na inayochelewa hunyauka mikononi mwa mwenyewe. Pikapu za wengine zilibeba mizigo mikubwa kuliko yake, lakini hakuna iliyomfikia kwa mbio.

"Alikuwa anatupita kwenye kona kama mtu amefukuzwa na polisi," anasema Rimberia, dereva wa pikapu aliyeshindana naye miaka hiyo yote. "Namwambia, wewe Borana, hii si farasi! Anapunga mkono tu, anapotea."

Ndipo jamaa walipoanza kuja.

Waborana wana desturi iitwayo dabare. Mifugo ya mtu ikiisha, jamaa ambaye mifugo yake imesalia humwazima ng'ombe wa maziwa. Ng'ombe hubaki mali ya mwenyewe, lakini maziwa ni ya aliyeazimwa, na watoto wake huishi kwa hayo mpaka mambo yatakapotengenea.

Jaldesa hakuwa na ng'ombe wa kuazima. Wazee wa ukoo waliketi Kulamawe, wakalipima jambo hilo, wakaona kwamba katika mwaka ule mnyama aliyesalia alikuwa mmoja tu, naye alikuwa mwekundu na mwenye magurudumu. Basi wakaligawa gari kwa siku. Faida ya Jumatatu ikawa ya Umulkheir, mjane wa kaka yake Jaldesa. Ya Jumanne ikawa ya shangazi yake, Tiya. Ya Jumatano ikawa ya binamu yake, Roba. Siku zilizobaki zikawa zake, na Ijumaa gari likapumzika.

Hakuna aliyemlazimisha. "Nilifurahi," anasema. "Aibu ni ya mtu ambaye jamaa anakuja kwake na hana kitu ya kumpa."

Kwa hiyo nyumba nne ziliishi kwa gari moja dogo. Kila jioni ya Jumanne, dereva wa lori la Kulamawe alichukua pesa za Shangazi Tiya na kumfikishia mkononi, na kwa miaka mitatu hakuna hata shilingi iliyopotea njiani. Mtu huyo hakulipwa chochote kwa kazi hiyo. Yafaa ikumbukwe.

Lakini gari lina njaa yake. Injini ya Golf ilitaka petroli ya supa tu, na kwenda na kurudi milimani ilikunywa zaidi ya shilingi mia mbili kwa siku. Tairi zake nyembamba zilikatwa na mawe kama sabuni, na moja ilimgharimu faida ya siku mbili. Spea hazikupatikana Isiolo wala Meru. Ziliagizwa Nairobi, na nyakati nyingine zilikuja zisizolingana zikarudishwa. Bima, klachi, breki, vyote vilitaka pesa.

Gharama hizo Jaldesa alizitoa katika siku zake mwenyewe. Siku za wengine hakuzigusa. Petroli ya Jumatatu, Jumanne na Jumatano ililipwa na Alhamisi, Jumamosi na Jumapili. Jamaa hawakujua, kwa maana hakuwaambia.

"Wengine walikuwa wanakunywa maziwa," Qabale anasema, akiwa hana kinyongo usoni. "Sisi tulikuwa tunakata nyasi."

Kobia aliona mapema. Kila mwezi aliongeza kitu katika orodha ya yale yanayohitaji kutengenezwa, na kila mwezi Jaldesa alichagua moja, mengine yakangoja.

"Nilimwambia, hii gari si punda," Kobia anasema. "Punda unaweza kumnyima leo ukampa kesho. Hii ukiinyima leo, kesho haiko. Yeye anasema tu, sawa fundi, wiki ijayo."

Jumanne ile ya mwisho, supa iliisha mjini. Lori la mafuta lilitazamiwa kesho yake. Mhudumu wa kituo cha petroli, ambaye mara nyingi alimwekea Jaldesa galoni moja nyuma ya duka, safari hii hakuwa na chochote. Ilikuwepo regula tu, mafuta ambayo injini ile haiyawezi.

Kobia alimwambia apumzishe gari siku moja. Mtu mwingine yeyote angepumzika. Lakini Jumanne ilikuwa ya Shangazi Tiya, na siku ya mtu haihamishwi. Jumatano ilikuwa ya Roba. Jaldesa angeweza kumpa shangazi Alhamisi yake, lakini Alhamisi ilikuwa imekwisha kutengwa kwa tairi, maana ile ya mbele kulia ilikuwa inaonyesha nyuzi.

"Nilifikiri, shangazi yangu amezoea kupata Jumanne," anasema. "Atasimama barabarani angoje lori. Nitamwambia nini? Maziwa imekauka? Nikaweka regula."

Alipokuwa akirudi na mzigo, kwenye vilima vya njiani, injini ilianza kugonga kama mtu anayepiga debe kwa jiwe. Aliisikia. Alipunguza mwendo, lakini jua lilikuwa linapanda na miraa haingoji. Akakanyaga tena. Kwenye mwinuko wa mwisho kabla ya kuteremka Isiolo kulitokea kishindo, moshi wa buluu ukajaa nyuma, na Kiroboto likasimama.

Pikapu ya Rimberia ndiyo iliyotokea nyuma yake. Jaldesa alitarajia dhihaka. Rimberia alishuka, akatazama moshi, akaanza kuhamisha mafungu ya miraa. Aliyafikisha Isiolo, akayauza kabla ya kuuza yake, na jioni akaleta pesa zote.

"Ningemcheka siku nyingine," Rimberia anasema. "Siku hiyo mtu alikuwa amekaa kwa jiwe anashika kichwa. Unamcheka namna gani?"

Kwa hiyo Shangazi Tiya alipata Jumanne yake. Pistoni mbili zilikuwa zimetoboka.

Alhamisi hii, baada ya sala ya adhuhuri, lori la mifugo linasimama nje ya uwanja wa Kobia. Anateremka mwanamke mzee aliyejitanda shuka nyeusi, akivuta mbuzi wawili kwa kamba. Ni Shangazi Tiya. Amesafiri tangu alfajiri. Kobia anakimbia kuleta kiti, mwenye lori anamshika mkono mpaka aketi.

"Salaam aleikum."

"Aleikum salaam, shangazi. Umekuja na mbuzi mpaka hapa?"

"Wametembea wenyewe, sikuwabeba." Analitazama gari kwa muda mrefu. "Ndiyo huyu mgonjwa?"

"Ndiyo huyu."

"Mafuta yake ilikuwa inatoka wapi, siku yangu?"

Jaldesa anajifuta mikono kwa kitambaa. Anajifuta tena. "Kwangu, shangazi."

"Na ya Roba? Na ya yule mjane?"

Anakunja kitambaa mara mbili, tatu.

"Nani alikuambia anayekamua hachungi?" Sauti yake haipandi. "Ng'ombe wa dabare anachungwa na yule ameazimwa. Anampeleka kisimani. Anamtoa kupe. Wewe ulinipa maziwa ukanificha kwato inaoza."

"Ungetoa wapi pesa ya petroli, shangazi? Ulikuwa umepoteza ng'ombe wote."

"Ningekaa njaa Jumanne moja, nikijua. Sasa nitakaa njaa Jumanne zote."

 Bibi huyo ananyoosha mkono, anamfuta mpwa wake oili shingoni kwa ncha ya shuka yake safi. "Una wazimu kama baba yako," anasema. "Kunywa chai basi. Umekonda."

Mbuzi wanauzwa jioni hiyo hiyo. Ijumaa Roba analeta shilingi mia nne. Umulkheir anaondoka sokoni bila bangili zake mbili za fedha, akiwa ameficha mikono ndani ya mtandio. Kobia anasema kazi ya mikono yake haitalipiwa. Pistoni, gasketi na vinginevyo vya kutoka Nairobi vinahitaji zaidi ya elfu tisa. Vyote walivyoleta, vikiwekwa pamoja, havifiki nusu. Jaldesa anamrudishia kila mtu alichotoa.

Jumamosi Gikunda anakuja na lori lenye mnyororo. Ni mtu mnene, mcheshi, mwenye mfuko wa njugu. Anagonga tairi kwa kiatu, anachungulia injini, anatikisa kichwa.

"Mzee, hii ni mifupa."

"Mifupa ya mbio," Kobia anamjibu.

"Mbio imekwisha, imebaki mifupa. Elfu kumi na moja, na hiyo ni kwa sababu nimekula njugu nimefurahi."

Jaldesa anakubali. Habishani. Anazihesabu pesa mara moja, anazifunga katika kitambaa, kisha anamwomba Gikunda jambo moja: amwachie boneti.

"Boneti ya nini? Utapanda nayo maharagwe?"

Jaldesa anamweleza taratibu. Katika jamii ya wafugaji, mnyama anayewalisha watu wengi akifa mbali, ngozi yake hupelekwa ikaonyeshwe, ili asije mtu akasema ameliwa kwa siri. Wazee wa Kulamawe ndio waliolihesabu gari hili kuwa mnyama wa ukoo. Hawezi kwenda kwao mikono mitupu.

Gikunda anaacha kutafuna. Anachukua spana yeye mwenyewe, anafungua bawaba, na kusaidia kuliegemeza boneti ukutani, taratibu, lisikwaruzike. Hakati bei yake hata senti. Kisha mnyororo unavutwa, na gari linatoka uwanjani likiwa wazi mbele. Kobia anakunja blanketi yake.

Jumatatu Jaldesa atapanda lori la Kulamawe na boneti hilo. Kwa pesa hizo anataka kununua mitamba watatu, wote pamoja, bila kuzigawa. Hilo shangazi yake amemwapisha. Lakini mtamba huchukua miaka kabla ya kuzaa, na watoto wake wanne hawawezi kungoja. Baada ya kuonyesha boneti, atalazimika kuwaomba wazee wamtafutie mtu wa kumwazima ng'ombe wa maziwa.

Hajawahi kuomba. Jioni, mlangoni pa nyumba yao, anajaribu maneno hayo mbele ya Qabale. Anaanza na salamu, anauliza hali ya mvua, anauliza hali ya malisho, anaishia hapo.

"Endelea," Qabale anamwambia.

"Nitaanza tena."

"Hapana. Umesema hali ya malisho. Sasa sema ya watoto."

Anaweka mikono yake juu ya magoti. Kisha anasema ya watoto, kwa sauti ndogo sana, na Qabale anamwambia kwamba kwa wazee ataongeza sauti, kwa sababu wawili kati yao hawasikii vizuri.