Kiberiti na Vyumba Viwili vya Usaili

Wanafunzi walimwita Kiberiti, na yeye alijua. Alikuwa mwanamke mfupi, daktari wa watoto na mwalimu katika chuo cha udaktari, na hasira zake ziliwaka upesi kama njiti mpya. Jina halikumuudhi. "Afadhali kiberiti," alimwambia mumewe, fundi seremala, "kuliko mshumaa unaongoja kuwashwa na watu."

Chuoni hapo, kila mwaka waombaji wenye alama nzuri waliitwa kwenye usaili. Aliyeuongoza alikuwa bingwa wa upasuaji, mzee wa sauti nzito, ambaye ndiye aliyemfundisha Kiberiti enzi za usichana wake. Mzee alikuwa na msemo wake: "Mimi daktari namjua akiingia tu mlangoni." Wajumbe wenzake, Kiberiti akiwamo, walicheka, kisha wakaandika alama alizozitaka.

Kiberiti naye aliamini, mpaka siku ile wodini. Kijana aliyepata alama za juu kabisa kwenye usaili wa mwaka wake, mwenye suti na maneno ya asali, alitumwa kumweleza mama mmoja hali ya mwanawe. Mama akaanza kulia. Kijana akatazama saa, akasema, "Muuguzi atakueleza," huyoo akaenda zake. Aliyevuta kiti akakaa na yule mama ni binti mmoja mwenye kigugumizi, ambaye kwenye usaili mzee alitaka akatwe kwa kuwa eti hana ulimi. Alipona chupuchupu.

"Kuna mahali tunapotea," Kiberiti alimwambia mumewe jioni ile.

"Basi pima kwanza," mumewe akajibu. "Mimi ubao siukati kwa kukisia."

Akapima. Aliomba ruhusa, akapewa, na usaili uliofuata kila mwombaji aliyekubali alihojiwa mara mbili, katika vyumba viwili, na wajumbe tofauti wasioambiana alama. Majibu yalipowekwa pamoja, Kiberiti alishika kichwa. Waliofaulu chumba hiki walianguka kile, utadhani wamehojiwa watu wengine. Binti mmoja huku aliandikwa "jasiri", kule "mjeuri", naye alikuwa na gauni lilelile na majibu yaleyale. Tena alipowafuatilia wanafunzi wa miaka ya nyuma waliokwisha kufika wodini, alama zao za usaili hazikusema lolote kuhusu nani anawajali wagonjwa.

Mkuu wa chuo alimwita ofisini, akamkaribisha chai.

"Dada yangu, kazi nzuri. Lakini iache kabatini kidogo. Idara yenu inatafuta mkuu, na jina lako linatajwatajwa."

"Asante kwa chai," alisema Kiberiti, akainuka bila kuigusa.

Nyumbani, mumewe aliweka randa chini. "Mke wangu, ukitaka kuruka, agana na nyonga."

"Nimeshaagana nayo. Imesema twende."

Siku ya baraza la walimu alisimama akasoma matokeo yote, hakuruka hata mstari. Mzee wa upasuaji akainuka taratibu.

"Mwanangu, nilikufundisha kushika kisu. Leo unanichinja nacho?"

Hilo lilimchoma. "Mwalimu, ulinifundisha pia kwamba jipu likiiva hupasuliwa. Watoto wa watu tunawarudisha nyumbani kwa bahati nasibu, halafu tunawaambia hawafai."

"Kwa hiyo miaka yote hii nilikuwa kipofu?"

"Si peke yako. Nilikuwa nimekaa kiti cha pembeni yako. Lakini sasa tumeona, na sitajifanya sijaona."

Kura zikapigwa kuhusu kuubadili usaili, akashindwa vibaya. Wiki hiyohiyo akaondolewa kwenye kamati ya usaili, na ukuu wa idara akapewa mtu mwingine. Wakadhani atanywea. Wapi! Aliipeleka kazi yake kwenye jarida la madaktari, ikachapishwa, na vyuo vingine vikamwandikia kuomba mbinu zake. Chuoni kwake mambo yakabaki yaleyale, naye akabaki palepale, kila kikao akiinua mkono kuuliza swali lilelile: usaili utabadilishwa lini?

Masomo yalipofunguliwa, zamu ya kuwakaribisha wanafunzi wapya ilimwangukia yeye. Mkuu akamtumia ujumbe: asiguse habari za usaili. Aliusoma, akazima simu, akapanda jukwaani.

"Mmechaguliwa kwa njia ninayoipinga," alisema, "na nitaipinga mpaka ibadilike. Wako walioachwa nje ambao pengine wanawazidi. Kwa hiyo asivimbe kichwa mtu hapa. Udaktari wenu bado hatujauona."

Kijana mmoja akanyoosha mkono kwa woga. "Sasa, mwalimu, turudi nyumbani?"

Ukumbi ukaangua kicheko, na Kiberiti akacheka nao, kicheko ambacho hakuwa amekicheka tangu siku ya baraza.

"Nyumbani mkafanye nini? Kesho asubuhi wodini, wote. Na mje na viatu visivyopiga kelele, watoto wanakuwa wamelala."