Miguu Misafi ya Alhamisi Kuu

Parokia moja hapa Tanga ina watu wanyenyekevu mno, wanyenyekevu hadi wanagombana. Kila Kwaresima ikikaribia kwisha hugombania viti. Si vya udiwani, la. Ni vile kumi na viwili vya mbele, ambako padri hupiga magoti Alhamisi Kuu na kuwaosha waumini miguu, kama Bwana Yesu alivyowaosha wanafunzi wake. Ukishaoshwa, basi mwaka mzima wenzio wanakupisha njia.

Mwenyekiti wa kamati ya kuchagua miguu ni Mzee Edgar, mhasibu mstaafu. Unyenyekevu wake unajulikana na wote, maana huwakumbusha mwenyewe. Mwaka huu alitazama picha za mwaka jana, akaona vitambi vitupu.

"Tutafute na mnyonge mmoja," akasema. "Picha zipendeze."

Ndipo akachaguliwa Consolata.

Consolata anakaanga samaki mtaa wa Mabawa, kando ya njia. Ni mjane, binti wa mkata mkonge. Kanisani hukaa benchi la mwisho, karibu na mlango, kwa sababu harufu ya samaki haitoki nguoni hata uifue kwa maombi. Hakuna aliyemwambia akae pale. Watu walimsogeza mbali tu, kidogo kidogo, kwa upendo, mpaka akafika mlangoni. Siku jina lake liliposomwa mbele ya watu, alilia. Msimcheke. Aliyezoea kupewa mgongo, akiitwa mbele hulia.

Tatizo likawa miguu yenyewe.

"Magaga gani hayo, mama!" Mzee Edgar alishtuka. "Padri akishika hapo si atachunika?"

Kumbe pale parokiani kuna adabu yake: miguu huenda kuoshwa ikiwa imeshaoshwa. Consolata akapelekwa saluni, akasuguliwa kwa jiwe, akapakwa mafuta, kucha zikatiwa rangi ya waridi. Alitoka akitembea kama anayekanyaga mayai.

Chumba cha jirani anaishi Bi Khadija, mama mtu mzima mwenye kisukari na kidonda kwenye kidole gumba cha mguu. Binti yake, Hafsa, ameolewa Usagara. Kila siku Consolata akishauza samaki wake humsafisha Bi Khadija kidonda na kumfunga bendeji mpya. Kazi hiyo haina kamati, wala hajasikika mtu akiigombania.

"Leo usiniguse," Bi Khadija alimwambia asubuhi ya Alhamisi. "Miguu ya bibi harusi hiyo, isije ikaingia uvundo wangu."

"Uvundo wako na samaki wangu ni ndugu, Bi Khadija."

"Toka hapa, mwana we!"

Alasiri masika yakamwaga. Mtaro ukafurika, maji meusi yakaingia vyumbani. Consolata, na kitenge chake kipya, alikuwa anafunga mlango aende kanisani aliposikia: "Konso! Konso wee!"

Bi Khadija alikuwa ameshuka kitandani kuokoa mkeka wake wa kuswalia. Mguu wenye kidonda ulikuwa ndani ya maji, bendeji inaelea pembeni. Consolata akasimama kizingitini. Akayatazama yale maji, akazitazama kucha zake.

"Ee Mungu," akasema, "na wewe ulishindwa kungoja kesho?"

Akaingia.

Alimwinua akamrudisha kitandani, akachemsha maji, akatia chumvi, akasafisha, akafunga. Muuguzi alikuwa amewaonya: kidonda kikiingia maji machafu, hospitali siku hiyohiyo, kisukari hakina mchezo, mguu unakatwa.

"Nimeshampigia Hafsa," akasema Bi Khadija. "Yuko njiani na bajaji. Wewe nenda, kiti chako kisije kikakaliwa na mwizi."

"Una hakika?"

"Nikudanganye ili iweje, mwanangu? Nenda."

Consolata akakimbia. Mlangoni pa kanisa alimkuta Mzee Edgar, mikono nyuma, anakagua miguu.

"Mama! Tope mpaka magotini!"

"Si inaoshwa, mzee?"

"Inaoshwa iliyo safi!"

"Sasa iliyo safi inaoshwa nini?"

Mzee Edgar alifikiri. Kamati haikuwahi kuletewa swali la namna hiyo. "Leo si siku ya ubishi, mama, ni siku ya unyenyekevu," akasema. "Rudi nyumbani, ujiandae vizuri mwakani." Kisha, maskini, kwa kuwa kiti hakiwezi kubaki wazi, akajitoa mhanga: akavua soksi zake nyeupe akaenda kukikalia yeye. Kwa bahati njema kabisa, miguu yake ilikuwa imetoka saluni asubuhi ileile.

Consolata akarudi na mvua. Usidhani alirudi kama mtakatifu. Majina aliyomwita Mzee Edgar kimoyomoyo hayamo katika sala yoyote. Alimkuta Bi Khadija peke yake, anatetemeka.

"Hafsa yuko wapi?"

"Yuko Tongoni kwa wakwe zake, tangu juzi."

"Si ulisema umempigia?"

"Simu yenyewe imezima."

"Bi Khadija! Umenidanganya?"

"Ulikuwa umependeza," akasema yule mama, akitazama pembeni. "Siku zote wewe wanichungulia mimi kidonda. Nikasema leo na wewe ukashikwe mguu."

Consolata alimfunga kanga mbili, akambeba mgongoni hadi barabarani, akasimamisha bajaji. Jioni ileile, hospitalini, kidole kikakatwa.

"Kidole kimeondoka, mguu umebaki," daktari alimwambia. "Mngengoja asubuhi tungeongea mengine."

Jumapili ya Pasaka, Mzee Edgar alisimama nje ya kanisa akipongezwa kwa kuoshwa. Consolata akasubiri zamu yake.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kukushukuru. Kule kunifukuza kwako mlangoni kumeokoa mguu wa mtu."

Alisema kweli tupu, kutoka moyoni. Mzee Edgar hakuuliza mguu wa nani, wala umeokokaje. Alifumba macho, akaweka mkono kifuani, na kwa sauti iliyofika mpaka kwa wauza maandazi ng'ambo ya barabara, akajibu:

"Tusitangaze, mama, tusitangaze. Sisi ni watumishi tu."